Mwalimu Fouga

Fouga Magister iliundwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani. Na kweli ilifundisha. Septemba 1961, moja tu ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, ikiruka kutoka Kolwezi, iliutia Umoja wa Mataifa kiwewe: leo inawashambulia askari wake wa Ireland kule Jadotville (Likasi ya sasa), kesho ndege za mizigo zilizoegeshwa uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi. Umoja wa dunia nzima, ndege ya kivita hata moja hauna! Ukaja kuokolewa na Uswidi, India na Ethiopia. Rubani wa Tshombe, kiongozi wa Katanga? Mbelgiji, bila shaka. Uhuru wenyewe wa kukodi.

Leo Makumbusho ya Lubumbashi yanatuonyesha misalaba ya shaba. Waongeze ndege, jamani. Mashirika yetu ya ndege, Ulaya imeyafungia anga yake tangu 2006, lakini ndege ya makumbusho haiombi kibali Brussels.