Jinsi ya Kuandaa Vipaumbele vya Jiji Ambavyo Bunge la Texas Litavipuuza kwa Heshima Zote

Umeajiriwa na mojawapo ya majiji ya Texas, na kazi yako ni kuandaa orodha ya mambo ambayo jiji linayataka kutoka Bunge la Jimbo. Usiwe na papara. Bunge hilo hukaa mara moja tu kila miaka miwili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari ya mwaka witiri, kwa siku zisizozidi 140. Wenyeji hutania kwamba walioandika katiba walikusudia siku mbili kila miaka 140, ila mchapaji aliteleza. Zifuate hatua hizi, nawe hutakosa usingizi.

1. Waulize wote, usimkatalie mtu. Miezi kadhaa kabla ya kikao, ziandikie idara zote zilete maombi. Watu wa maji watataka fedha za mabomba, zimamoto watauliza habari za pensheni, na maktaba zitaomba ziachwe zilivyo. Pokea yote kwa shukrani. Linalokufaa liweke ukurasa wa kwanza. Lisilokufaa litupe kwenye kiambatisho, ambako diwani aliyelileta atalikuta na mwingine yeyote hatafika.

2. Lainisha kila sentensi. Jiji lina misimamo mitatu tu: kuunga mkono, kupinga na kufuatilia. Huo wa tatu ni wa mambo yaliyowagawa madiwani nusu kwa nusu. Tuseme idara ya barabara imeandika: "Jimbo lipandishe kodi ya petroli, maana imeganda kwenye senti 20 kwa galoni tangu 1991." Ofisi ya meya ikiona neno kodi itabadilisha: "Jimbo litafute vyanzo vipya vya mapato." Ikifika kwa mwanasheria, itatoka hivi: "Jiji linaunga mkono jitihada zitakazowezesha mjadala kuhusu uendelevu wa miundombinu." Sentensi hiyo haipingi mtu, na hakuna atakayejua namna ya kuitekeleza. Ipigie muhuri.

3. Namba moja iwe ombi la kuachwa. Orodha zote hufungua kwa kudai mamlaka ya mji kujiamulia mambo yake. Zina sababu. Mwaka 1868 Jaji John Dillon wa Iowa alishikilia kwamba mji ni kiumbe cha bunge la jimbo, na aliyeuumba anaweza kuufuta. Texas ililegeza kamba mwaka 1912, ikaruhusu miji yenye watu zaidi ya 5,000 ijiandikie hati zake za uendeshaji, mradi zisigongane na sheria za jimbo. Mengine ni historia ya kugongana. Novemba 2014 wapigakura wa Denton walipiga marufuku upasuaji wa miamba kwa ajili ya gesi. Mei 2015 jimbo likaifuta marufuku hiyo. Mwaka 2016 wakazi wa Austin walikataa pendekezo la kampuni za usafiri za Uber na Lyft la kuondoa sharti la madereva kuchukuliwa alama za vidole. Mwaka uliofuata jimbo likaitwaa kazi ya kuzisimamia kampuni hizo.

Kisha ukaja muswada HB 2127 wa mwaka 2023, ambao wapinzani waliuita Death Star, silaha ya kwenye sinema inayolipua sayari nzima. Unaizuia miji isitunge sheria za kulivuka jimbo katika maeneo kadhaa, kazi na ajira yakiwamo. Miongoni mwa zilizolengwa ni sheria ndogo ya Austin ya mwaka 2010 iliyowapa mafundi wa ujenzi mapumziko ya dakika kumi kila baada ya saa nne, wapate kunywa maji. Anayelijua jua la Texas la mwezi Agosti ataelewa kwa nini jambo hilo lilionekana la hatari kiasi hicho.

Ukikosa maneno ya kutetea kipengele hiki, tafuta hotuba yoyote ya kiongozi wa jimbo akiilalamikia Washington kwa kuingilia mambo ya Texas. Nakili, kisha badilisha majina.

4. Ajiri washawishi wa kulisemea jiji bungeni. Mkono mtupu haulambwi. Kumbuka tu kwamba kuna wabunge wanaorudi mara kwa mara na muswada wa kupiga marufuku miji kutumia fedha za walipakodi kulipia washawishi. Ili kuuzuia, utahitaji washawishi.

5. Tafuta mbunge wa kuubeba muswada wako. Wapo 150, na maseneta 31. Mchague aliye rafiki wa mwenyekiti wa kamati, hata kama hampatani kwa lolote. Usilitaje jiji lako, kwa kuwa katiba inakataza sheria za mahali pamoja. Andika "mji wenye watu kati ya idadi hii na ile, ulio katika kaunti inayopakana na ghuba," halafu ushangae kwa sauti kwamba ni mmoja tu uliotimiza masharti.

6. Nenda ukatoe ushahidi. Jiandikishe asubuhi, subiri hadi usiku, sema kwa dakika mbili au tatu. Mbunge anayetazama simu usimkasirikie. Huenda anasoma ujumbe wa mshawishi wako.

7. Andika ripoti ya ushindi. Mwaka 2023 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, ikapita 1,200 na ushei. Mingi hufa kwa kuishiwa muda. Hesabu kila muswada mbaya uliokufa kuwa kazi ya mikono yako. Wako uliokufa uite "msingi uliowekwa."

Mwisho, usifungashe vitu vyako mapema. Gavana anaweza kuita kikao maalumu cha hadi siku 30 wakati wowote, na mambo ya kujadiliwa huyapanga yeye. Orodha yako hajaisoma.