Stempu Zinazocheza na Nyumba Isiyotulia

Ndugu msomaji, kama una watoto, mke, mama mkwe na kitu unachokipenda, vyote chini ya paa moja, basi wewe na mimi ni wa chama kimoja na tunaweza kuongea bila kufichana. Mimi nakusanya stempu. Ninazo za kawaida, lakini roho yangu iko kwa zile zenye picha inayocheza: ukiinamisha kidogo, mtu anasogea, mnyama anakurukia, mifupa inavaa nyama.

Stempu ya kawaida unaweza kuilinda. Unaishika kwa kibano, unaiingiza kwenye albamu, unafunika, imekwisha. Hii inayocheza haikubali maisha hayo. Picha yake haionekani yote mpaka mkono uiinamishe, na kwangu mikono ni mingi, tena mingi yake imetoka kushika maandazi.

Acha nikutajie wenye mikono hiyo. Mwanangu wa kiume tunamwita Bisibisi, maana hajawahi kukutana na kitu kilichofungwa akakiacha kimefungwa. Mdogo wake wa kike ni Gundi. Chochote chenye mgongo unaonata, awe amepewa au amekiokota, utakikuta ukutani, mlangoni au kwenye paji la uso la nduguye aliyelala. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye tangu mzee alipofariki, ni Bibi Redio; redio yake huwashwa alfajiri na haizimwi hadi yeye mwenyewe alale, na anayemwahi kuizima hupata maneno yake. Kaka wa mke wangu ni Shemeji Bei, kwa sababu ukimwonyesha hata mtoto mchanga atauliza kagharimu kiasi gani. Mke wangu hana jina la utani. Niliwahi kupendekeza moja, likakataliwa siku hiyo hiyo.

Albamu nimeirithi kwa marehemu mjomba wangu, Mjomba Posta. Alichambua barua hapa Tanga enzi ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia stempu za pamoja, majina ya nchi zote tatu yakipokezana nafasi ya kwanza ili asinune mtu. Wakusanyaji wa ng'ambo walizitamani sana, naye akawa anabadilishana nao kwa barua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika mwaka 1977, lakini barua za mjomba hazikuvunjika. Ndivyo Bhutan ilivyofika Ngamiani, mtaani kwetu.

Hapo kwenye Bhutan nivumilie kidogo, maana mke wangu akisikia jina hilo hunyanyuka kwenda kuangalia jiko hata kama hakuna kilichoinjikwa. Bhutan ni nchi ndogo ya milimani, imebanwa kati ya India na China. Stempu zake za kutumika kimataifa zilianza mwaka 1962, na aliyezisimamia alikuwa Mmarekani, Burt Todd, rafiki wa familia ya kifalme. Nchi ilihitaji fedha za maendeleo na haikuwa na mengi ya kuuza nje. Todd akaona kwamba stempu ni bidhaa isiyohitaji meli wala bandari, mradi iwe ya kumfanya mtu ashangae. Mwaka 1967 wakatoa stempu za plastiki zenye kina: mwanaanga anasimama mbele, giza la anga linarudi nyuma, na kidole chako kinataka kuingia katikati. Hapo binadamu alikuwa hajaukanyaga mwezi. Apollo 11 ilitua Julai 1969. Zikafuata stempu za hariri, za chuma chembamba, zenye harufu ya waridi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja stempu ambazo ni santuri kamili, unaiweka kwenye gramafoni inaimba.

Wakusanyaji wakubwa wa wakati ule walizicheka wakasema ni vitu vya watoto. Leo zile za santuri wanazisaka kwa bei kubwa. Mimi tangu zamani nasimama upande wa Todd. Nchi ambayo wengi wasingeweza kuionyesha kwenye ramani iliingia majumbani mwa watu dunia nzima kwa kipande cha plastiki kisichojaza kiganja, na ikaingia kwa heshima.

Sasa Bisibisi. Siku moja alimwinamisha mwanaanga wa kwenye albamu ya mjomba mara nyingi, akaniuliza, "Baba, huyu anatokea wapi?" Swali zuri hujibiwa vizuri. Nikampa lenzi ya mkono aone kwamba uso wa stempu si laini: una mifereji myembamba mno, imepangana kama bati la paa. Kila tuta ni lenzi ndogo. Chini yake kuna picha zaidi ya moja, zimekatwa vipande vyembamba vikapangwa kwa zamu, cha hii, cha ile, cha hii, cha ile. Tuta linalipa kila jicho kipande chake. Jicho la kushoto likipata picha moja na la kulia likapata nyingine, unaona kina. Na kama picha zenyewe ni za mtu yule yule akiwa katika mwendo, kila unavyoinamisha unapata ya hatua inayofuata, na mtu anatembea.

Simu ikaita, nikatoka uani. Niliporudi, mwanaanga alikuwa hana ngozi.

Plastiki ile ina zaidi ya nusu karne, na unyevu wa pwani ulikuwa umeshaanza kuinyanyua kona. Bisibisi alimalizia tu, kwa tupa ya kucha ya mama yake. Kilichobaki juu ya karatasi kilikuwa mwanaanga mwenye ukungu, kingo zake zimerudufika, anaonekana anatetemeka kwa homa. Mtoto akairudisha plastiki juu yake. Ikakaa upande kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na picha nzima ikavunjika mawimbi. Nilifungua mdomo kusema, naye akaninyamazisha kwa kidole! Ulimi nje, akawa anaisogeza plastiki kwa ncha ya tupa, taratibu, taratibu, mpaka mawimbi yakapungua, yakaisha, na mwanaanga akasimama tena mbele ya giza lake.

Kisha akamgeukia dada yake: "Unaona? Picha ziko nyingi, bati ndilo linachagua."

Nilikuwa na hotuba ndefu. Mke wangu akaimaliza kabla sijaianza. "Si umemwambia iko ndani? Mtoto kaitafuta." Kesi ikafungwa. Mwanaanga sasa anaishi kwenye kasha la plastiki, ngozi yake imelazwa juu bila gundi, na kila mgeni akija Bisibisi humfanyia upasuaji hadharani.

Ile ya santuri nilidhani iko salama, kwa kuwa gramafoni ya marehemu baba mkwe ilikuwa juu ya kabati na haijaguswa muda mrefu. Nilimshushia Bibi Redio asikie mara moja tu. Kisahani chenyewe ni kidogo, kinataka mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na sindano lazima uishushe kwa mkono, pumzi umeibana. Katika zile santuri za Bhutan kuna inayosimulia historia ya nchi kwa Kiingereza, kuna ya Kidzongkha, lugha yao, na kuna za nyimbo. Ya mjomba ni ya wimbo. Sauti ikatoka nyembamba, ya mbali, ya milimani kabisa.

"Hii stesheni gani?" akauliza.

"Si stesheni, mama. Ni stempu ya barua."

Akafikiri. "Basi irudie, baba."

Niliirudia jioni hiyo na jioni nyingi baada yake, kwa sababu mama mkwe haambiwi hapana. Halafu akaichukua akaihifadhi mwenyewe, dirishani, jua la mchana likiipiga. Plastiki na jua la Tanga havijawahi kuelewana. Ikajikunja upande mmoja. Sasa sindano inapanda na kushuka, na mwimbaji anayumba. Bibi Redio anasema hivi ndivyo alivyopaswa kuimba tangu mwanzo, ule mwanzo alikuwa na haraka. Shemeji Bei aliposikia seti nzima ya santuri hizo huuzwa mamia ya dola, alikuja mbio kuitazama. Akaishika, akaiona ilivyojikunja, akakaa kwenye kochi bila kuuliza bei ya kitu chochote mpaka chai ikaja.

Nikaja kupata faraja kutoka Marekani. Shemeji yangu wa Maryland, mdogo wa mke wangu, alinitumia karatasi nzima ya stempu za dinosaria Tyrannosaurus rex, zile zilizotoka Agosti 2019 kwa michoro ya Julius Csotonyi. Ni stempu 16 za aina nne, na aina mbili kati ya hizo zinacheza. Katika moja dude linakuja msituni na ghafla linakurukia. Katika nyingine ni mifupa mitupu, inamisha, inavaa ngozi, rudisha, mifupa. Kazi safi, ya kumfurahisha mtu mzima. Na stempu za siku hizi hazitaki mate. Unabandua, unabandika.

Msomaji, umeshamkumbuka Gundi.

Niliporudi kutoka msikitini, dude moja lilikuwa kwenye mtungi wa gesi, jingine kwenye rimoti, jingine kwenye kadi ya kliniki ya Bibi Redio. Lile la mifupa alilibandika mlango wa friji, tena kwa akili: aliligeuzageuza kwanza mpaka akapata upande unaoitika mlango ukifunguliwa. Ukivuta, mifupa inavaa nyama. Ukifunga, nyama inayeyuka. Bibi Redio akaapa hagusi friji yenye jini, na tangu hapo maji yake ya baridi huletwa na Bisibisi, ambaye hufungua na kufunga mara nyingi kuliko maji yanavyohitaji. Yuniti za umeme zikawa zinakwisha tunatazamana.

Nikaleta kisu chembamba nilibandue. Mke wangu akasimama mbele ya friji. Yeye huuza barafu za ukwaju na ubuyu, na watoto wa mtaa walikuwa wameshapata habari. Anakuja mtoto na shilingi zake, anataka barafu, lakini kwanza anataka afunguliwe mlango aone. Akishaona anamwita mwenzake. Mauzo yamepanda, akasema mke wangu, na mnyama habanduki. Nikarudisha kisu jikoni.

Bado natafuta stempu mbili zinazocheza. Moja ni ya Uholanzi ya mwaka 2010, ambayo mpiga picha Anton Corbijn aliipigia filamu iliyonadiwa kuwa fupi kuliko zote akiwa na mwigizaji Carice van Houten, sinema nzima ndani ya stempu. Nyingine ni ya Uingereza ya Januari 2011, yenye vyombo vya kipindi cha televisheni cha Thunderbirds. Mwenye nazo ajue hivi: usiziloweke majini tunavyoloweka stempu za karatasi, kata bahasha kuizunguka stempu. Zilaze bapa, mbali na dirisha, na kona ikianza kunyanyuka usiivute. Mimi ninao T. rex wa kubadilishana, waliobaki kwenye karatasi yao. Yule wa friji si wa kubadilishana.