Raba za Muthurwa Zilizopanda Iten

Safari ilianzia matopeni. Soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi wapungue katikati ya jiji la Nairobi, lina sifa yake: mvua ikinyesha nusu saa tu, utaingia na viatu na kutoka na udongo. Hapo ndipo mwandishi wetu, mzaliwa wa nyumba za reli ambaye maishani mwake hajawahi kukimbiza kitu ila matatu, aliponunua raba za mitumba. Alikuwa anakwenda Iten kutazama historia ya riadha, na aliona haya kufika kwa mabingwa akiwa amevaa akala.

"Hizi ni za mkimbiaji, mzee," mchuuzi alimhakikishia huku akizipangusa vumbi. "Angalia soli."

Aliangalia soli. Namba hakuangalia.

Iten imekaa ukingoni mwa bonde la Kerio, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Kwa hesabu za karatasi, tofauti ni mita 700. Kwenye ngazi za nyumba ya wageni, mita hizo zote zilimkalia kifuani. Ngazi zilikuwa kumi na nane. Alipumzika mara mbili, mara ya pili akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu iliyokwisha chaji.

Kulipokucha alivaa raba zake, na siri ya Muthurwa ikafichuka. Ya kushoto ilikuwa namba 42, ya kulia 44. Kila alipopiga hatua, ya kulia ilimpigia makofi.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi saa tatu asubuhi wakimbiaji wa Iten hukusanyika kwenye barabara ya vumbi kwa zoezi la kubadilisha kasi: dakika kadhaa mbio kali, kisha mwendo wa taratibu, kisha kali tena. Walipita kundi zima, na kilichosikika ni pumzi na soli tu. Hakuna aliyezungumza. Mwandishi wetu, sijui alipandwa na nini, akaunga mkia. Alifika kwenye kona. Hapo alipitwa na mama mmoja aliyebeba jerikeni la maziwa, naye mama wa watu alikuwa anatembea.

"Pole, baba," akasema mama, asipunguze mwendo.

Mwendesha bodaboda alipoombwa ampeleke penye makumbusho ya riadha, alifikiri kidogo, akawasha pikipiki na kumshusha kwenye lango la Shule ya Upili ya St Patrick's. Bawabu alimtazama mgeni alivyotweta, jasho likimtiririka na karatasi mkononi, akamhurumia. "Mzee, karo hulipwa benki."

Mambo yalipoeleweka, alionyeshwa miti. Ndiyo, miti. Desturi ya shule hii ni kuwapandia mti wanafunzi wake waliong'ara duniani, kila mti na kibao chenye jina. Mwandishi alikuwa ametarajia makabati ya vioo na medali zilizolala juu ya kitambaa chekundu. Akajikuta anasoma historia huku majani yakimwangukia kichwani. Kwa maoni yake, kioo kisingefua dafu hapa.

Maana shule hii imetoa watu. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za Boston Marathon, mwaka 1988, alisoma hapa. Mwaka huohuo Peter Rono alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 jijini Seoul. Wilson Kipketer, aliyekuja kuikimbilia Denmark, aliweka rekodi ya mita 800 mwaka 1997. Kisa kitamu zaidi ni cha Bruda Colm O'Connell, aliyetoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia, bila ujuzi wowote wa riadha. Alikuja kwa muda mfupi, akalowea. Ndiye aliyemnoa David Rudisha, ambaye mwaka 2012 jijini London alimaliza mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Muda huo mwandishi wetu alikuwa bado kwenye ngazi ya tisa.

Alipokuwa akiaga, bawabu alimtazama miguuni. "Mzee, kiatu chako kinashangilia nini?"

Raba zimerudi Muthurwa. Mchuuzi hakubishana, alizipanga mezani palepale na kusema mwenye pea ya pili lazima atajitokeza. Kwa hiyo wewe msomaji, kama ulinunua raba sokoni humo na ya kushoto ni 44 na ya kulia 42, tafadhali zirudishe. Unasubiriwa.