Grupu la Wanaomdai Shemeji

Kwenye simu ya shemeji yangu wa Mbagala Rangi Tatu mimi naitwa "Bro Mwenye Nazo". Nililijua hilo siku programu moja ya mikopo ya mtandaoni ilipozoa namba zake zote, ikatutia kwenye grupu la WhatsApp na kutusalimia kila mtu kwa jina alilohifadhiwa. Juu kuna picha ya kitambulisho chake, chini maandishi: TAPELI ANAKWEPA DENI. Aliomba elfu hamsini, wakamtumia thelathini na tano, wakataka sitini ndani ya wiki.

Mle ndani tulikuwa mchanganyiko: mama mkwe wake wa Kilwa, fundi friji wa Tandika, ustadhi wa madrasa, bodaboda wawili, na mtu aliyehifadhiwa kama "Usipokee". Nia ilikuwa kumwaibisha. Kumbe wametukutanisha! Fundi akauliza kwa adabu kama kuna mwingine anayemdai. Mama mkwe akaandika hela ya mkaa. Ustadhi akaandika ada. Usipokee, ambaye ni kausha damu wa Charambe, alikuwa na kiasi kilichomnyamazisha hata fundi. Kufika adhuhuri hesabu yote ilikuwa mezani. Kumtangaza mtu kwa wakwe zake ni ushenzi, sitetei. Lakini Benki Kuu ina kanuni za taarifa za wakopaji tangu 2012, na hakuna kampuni ya taarifa hizo iliyowahi kujua habari za ule mkaa.

Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, shemeji alipitisha kidole kwenye orodha kama mzazi anayetafuta jina kwenye matokeo ya kidato cha nne. Akalikuta la programu ile. Akanunua soda kreti nzima, ya kukopa.

Kwa ujasiri huo akaenda benki kuomba mkopo wa pikipiki. Afisa mikopo akaingiza namba ya NIDA, akatulia, akamgeuzia kompyuta. Deni la Sh 6,400, la laini ya simu aliyoitupa akimkimbia Usipokee. Akalipa palepale, akataka lifutwe. Akaambiwa halifutwi, kaka. Litaandikwa limelipwa, na kwamba lilichelewa. Akarudi na barua yenye muhuri kwamba amelipa, akaitia laminesheni, akaipeleka dukani kuombea sukari. Mangi aliisoma mpaka kwenye saini, akampongeza, kisha akamwonyesha kibao: MKOPO KESHO.

Grupu bado lipo. Wenye programu walishatoka zamani, wakamwacha fundi friji kuwa admini, na sasa tunatumiana humo salamu za Ijumaa na misiba. Juzi usiku shemeji mwenyewe aliingia, akaulizia hali za watoto wetu mmoja mmoja, halafu akaandika kwamba kuna dharura ndogo, elfu ishirini tu, mpaka mwisho wa mwezi. Tiki zikawa bluu zote.

Mama mkwe akatoka kwenye grupu.