Aliyeshika Reki

Jana hapa kijiweni dogo mmoja wa pikipiki ya mkataba katukalia kakunja nne, eti kukopeshana vyombo vya kazi ni ujanja wa mjini ulioanza juzi. Nikasonya mpaka muuza kahawa akageuka. Juzi! Huyo hajamsikia Cyrus McCormick, aliyezaliwa shambani Virginia, Marekani, mwaka 1809.

Baba yake, Robert, alihangaika miaka na mashine ya kuvunia ngano, ikamshinda. Kijana akaishika yeye, na mwaka 1831 akaiingiza shambani, farasi mbele, majirani macho kodo. Ngano nayo haina subira: ikishaiva una siku chache tu, ukizubaa punje zinapukutika. Hata uwe na ardhi kama bahari, unalima kiasi ambacho mikono yako itawahi kuvuna, basi.

Chombo chenyewe ukikitazama unacheka. Gurudumu likibingirika linaendesha kisu chenye meno, kwenda na kurudi kama msumeno. Mapanga ya mbao yanazunguka juu, yanalaza mabua kisuni. Yakikatwa yanaangukia ubaoni, na pembeni yuko mtu anatembea na reki, anayavuta chini mafungu mafungu.

Mtu wangu ni huyo wa reki. Jo Anderson, mtumwa wa ukoo huohuo, aliyesaidiana na Cyrus kuiunda ile mashine. Mwaka 1834 hataza ikatoka. Mnadhani jina la Jo limo? Tss!

Tena hata Cyrus hakuwa peke yake. Obed Hussey alishapata hataza ya mashine yake mwaka 1833, wakawindana miaka. Ya Cyrus ilipoisha mwaka 1848 akanyimwa nyongeza, kila fundi akawa huru kuiga. Mwingine angejifungia ndani alie. Yeye mwaka mmoja nyuma alishahamishia kiwanda Chicago, kwenye mlango wa mashamba makubwa ya ngano. Akaweka bei moja isiyo na maneno, dola 120: tanguliza 30, zilizobaki lipa ukishavuna. Juu yake mawakala, vipuri na dhamana ya maandishi. Kisu kila fundi aliweza kukichonga, jamani. Kumsubiri mkulima mpaka ngano iingie ghalani, hapo ndipo wengi walipoishiwa pumzi.

Msimpambe sana lakini. Kesi alizipenda kama wengine wanavyopenda pweza. Alimshtaki mshindani wake, John Manny, shauri likasikilizwa mwaka 1855, akashindwa. Kina Manny walikuwa wamemkodi wakili mmoja wa Illinois, Abraham Lincoln, halafu mawakili wenzake wakubwa wakamweka benchi! Mwaka 1871 moto wa Chicago ukala kiwanda chote. Mzee kashapita miaka 60, akajenga upya. Alipofariki mwaka 1884 alikuwa tajiri wa kutupwa. Na ule utajiri ulianza na watu wawili shambani, mmoja akawa jina, mwingine akabaki na reki.

Dogo akanywa kahawa, akawaza. "Sasa bro, mimi hapo ni McCormick au yule wa reki?"

"Kadi ya pikipiki ina jina la nani?"

Safari hii akasonya yeye, akapiga kiki, akaenda kutafuta hesabu ya bosi.