Mashine Iliyomkana Mzee

Bin ami yangu anayeishi Maskati ana mazoea ya kukaa Ijumaa jioni katika Bustani ya Qurum, na kwa kuwa jicho la mtu aliye mbali na kwao halitazami kitu ila hukilinganisha, majani ya bustani ile, yaliyolala sawasawa kwa kunyweshwa maji katika nchi ambayo mvua ni habari ya kusimuliwa, yalimtia fikira kwamba kiwanja cha nyumba yake ya Ushongo, baina ya baraza na bahari, nacho hakina budi kulazwa vivyo hivyo. Aliniandikia, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa wake, akinisihi nimtafutie mashine ya kukatia majani. Nayo isiwe ile ya kusukuma, maana kiwanja ni kipana, bali iwe ya kupanda na kukalia, iwe imara na iwe salama. Maneno hayo mawili ya mwisho aliyapigia mstari. Katika ukoo wetu mdogo hulipa na mkubwa husumbuka, na sijapata kusikia mtu akiulalamikia utaratibu huo isipokuwa wakubwa.

Kwa insafu, ukoka wa Ushongo hauhitaji kuombwa. Masika yakisha kushuka, hutoka mchangani pamoja na ndago na mlakasa, huizunguka minazi, hupita chini ya milango, na lau si chumvi ungalivuka maji mpaka Kisiwa cha Maziwe, ambacho wazee wetu wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kasa wakitaga chini yake, nacho leo ni fungu la mchanga mtupu linalofunikwa maji yakijaa. Mahali pekee katika wilaya ya Pangani, nadhani, ambapo mwuza mashine za majani hana la kusema.

Kazi ya kufyeka kiwanja kile ilikuwa ya mzee mmoja wa Ushongo Mabaoni, mrefu, mwembamba kupita kiasi, ambaye huja alfajiri na fyekeo begani na kwenda zake kabla jua halijawa kali, akiacha nyuma majani ya kimo kimoja utadhani aliyapima kwa uzi. Nilipomwendea kumpa habari, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za watoto, alinyamaza kidogo kisha akasema:

"Mwanangu, hiyo mashine itaujua mche wa mnazi na majani ya kawaida?"

"Haitajua, mzee."

"Basi itahitaji mtu."

Nikamwambia kwamba mtu ataketi juu yake, na kwamba mtu huyo ni yeye. Aliupokea uteuzi huo kwa heshima, bila furaha.

Nilikwenda Tanga mjini katika duka moja ambalo sitalitaja jina, kwa sababu mwuzaji wake alikuwa kijana mwenye adabu na ni haki yake aendelee kupata riziki. Alinifunulia vitabu vya picha ambamo kila aliyeketi juu ya mashine anacheka, amevaa shati jeupe, na hakuna nazi hata moja iliyoanguka popote. Alizisifu nguvu za farasi, akalisifu tundu la kuwekea kikombe, akazisifu na taa mbili za mbele. Nikamwuliza ni nani akataye majani usiku. Akafikiri, akasema, "Wazungu."

Huenda alisema kweli, kwani balaa hili lote ni la kwao. Mwaka 1830, huko Stroud, Uingereza, fundi mmoja aitwaye Edwin Budding aliiangalia mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu, akawaza kwamba kinachonyoa nguo hakishindwi kunyoa ardhi. Baadaye zikaundwa mashine kubwa za kukokotwa na farasi, nao farasi wakavishwa viatu vya ngozi ili kwato zao zisiache alama katika majani. Nami nawajua watu wazima wa pwani hii ambao hawakuvaa viatu vya ngozi mpaka siku ya harusi yao. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuuza mashine yenye injini ya petroli, farasi wakavua viatu, na tangu siku hiyo kazi ya kumtafutia mtu mashine imara na salama ikawa inamngoja nani sijui, hata ikanifikia mimi.

Aliyenifaa kuliko vitabu vile ni fundi mmoja mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye nilimkuta barazani kwake akicheza bao, na ambaye hakuinua macho.

"Nguvu za farasi usiziulize," alisema. "Uliza beringi."

Akanieleza, baina ya kete na kete, kwamba mashine hizi hufa kutoka chini kwenda juu. Lile sinia la chuma linalofunika visu, nyingine huwa nalo la bati jembamba lililofinyangwa kwa shindikizo, na nyingine huwa nalo la bamba nene lililochomelewa. Na kwa kuwa majani mabichi hugandamana chini yake, na upepo wa bahari huleta chumvi, lile jembamba huliwa usiku mtu amelala. Vile vishikizo vinavyobeba visu, vya aluminiamu ni vyepesi, lakini vya chuma cha kusubu, vyenye nipo za kupigia grisi, ndivyo vitakavyokutana na kisiki cha mnazi vikabaki na akili zao. Chujio la hewa liwe la kutolewa na kusafishwa kwa mkono, kwa ajili ya mchanga. Mkanda uwe wa kupatikana Tanga, siyo wa kuagizwa kwa meli. Na kila baada ya kazi sinia lioshwe chini kwa maji matamu, naye alipouliza kisima cha bin ami kina maji gani, nikamwambia ya chumvi kidogo, ndipo kwa mara ya kwanza akainua macho.

Mtu wa mkonge akinena juu ya uimara husikilizwa. Mmea wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilinusurika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wetu huu wa kusini wa Mto Pangani, na uzao wa hiyo 62 ndio uliokuja kuifanya Tanga ijulikane duniani. Kijana wa dukani alikuwa akinipa dhamana ya mwaka mmoja.

Ama usalama, huo ulinikosesha usingizi. Ncha ya kisu cha mashine hizi huweza kuzunguka kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa na zaidi, na kisu hakichagui. Vitabu vinaagiza kwamba kabla ya kukata, uokote mawe na vitu vya kuchezea watoto. Shauri jema, lakini chini ya mnazi huanguka kidaka, huanguka kitale, huanguka koroma, huanguka karara na kuti zima, na nazi kavu huanguka wakati wowote iupendao, kwa hivyo hata uokote mpaka adhuhuri, huko juu bado ipo shehena inayongoja zamu. Kifuu kilichopigwa na kisu kile hutoka kwa ghadhabu ya risasi. Maadamu hali ni hiyo, nilishurutisha kwamba mdomo wa kutolea majani uwe na kifuniko kisichong'oka kwa urahisi. Vitabu vinaonya pia juu ya miteremko, kwamba isizidi nyuzi 15, na ipandwe na kushukwa moja kwa moja, siyo kukatishwa kwa ubavu, kwa maana mashine hupinduka ikamlalia aliyeiendesha. Sisi mteremko wetu ni ule mmoja wa kushukia pwani, na huo tuliuachia fyekeo. Niliitaka pia iwe ya namna ambayo visu husimama inaporudi nyuma, kwa kuwa katika nchi nyingine wamekwisha kukanyagwa watoto waliosimama nyuma, na watoto wa Ushongo hufuata kila kitu chenye injini, hata mashua ikitoka hutaka kuifuata. Na zaidi ya yote, niliitaka ile ambayo mtu akiinuka kitini, injini huzimika yenyewe.

Sharti hili la mwisho nililitilia mkazo sana, na kijana aliniapia kwamba limo.

Kuivusha kutoka Pangani kwenda Bweni kulizua mjadala kivukoni. Mwenye baiskeli alisema hili ni gari, kwa sababu lina usukani na magurudumu manne. Mama mwenye kapu la samaki akasema gari ni lile lichukualo watu wengi, na hili humchukua mmoja, basi ni pikipiki. Babu mmoja, ambaye hadi hapo nilidhani amesinzia, akatoa hukumu kwamba chombo kinacholipwa ili kile majani ni mnyama, na kilipiwe kama ng'ombe. Mkata tiketi aliwasikiliza wote kwa upole, akanitoza kama mzigo, na kufikia hapo tulikuwa tumegusa Bweni.

Siku ya kuijaribu walikuja watu wa Mabaoni na wa Mtoni. Mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Fundi wa pikipiki, ambaye ndiye mwenye elimu ya injini kijijini, alimwonyesha hiki na hiki, mzee akapiga bismillahi, akawasha, ikanguruma, watoto wakakimbia; akavuta kishikio cha kuvitia visu, na injini ikazimika. Akawasha tena, ikazimika tena. Fundi akakaa yeye, ikakata majani kutoka mnazi hadi mnazi bila neno. Mzee akarudi kitini, ikazimika.

Fundi alilala chali chini ya kiti, akakaa huko kitambo, akatoka na uso wa mtu aliyebebeshwa habari ya msiba.

"Mzee, usinielewe vibaya. Chini hapa pana swichi inayosikiliza uzito. Uzito ukipungua, yenyewe hujua kwamba mtu hayupo."

"Yaani inasema mimi sipo?"

"Inasema kiti ni kitupu."

Mzee alishuka taratibu. "Nilihesabiwa mwaka 1967, mtoto mdogo. Nikahesabiwa 1978, na 1988, na 2002, na 2012, na 2022. Serikali imeniona mara sita. Hii ya kuletwa juzi ndiyo inikane?"

Fundi alikuwa na dawa tayari: zile nyaya mbili za swichi zikatwe, zisokotwe pamoja, na mashine itawakubali watu wote. Nilikataa katakata, kwa sababu mzee, akikiona kidaka mbele yake, angeshuka kukiokota, na visu vingekuwa bado vinazunguka. Mwingine akashauri jiwe liwekwe kitini pamoja naye. Hilo nalo lilikuwa na ila ileile, kwani mzee akishuka jiwe halishuki. Akatokea mtu wa fikhi, akasema basi jiwe lifungwe kiunoni mwa mzee ili washuke wote wawili. Kwa kanuni za usalama sikuliona kosa katika rai hiyo, ila mzee alimtazama yule bwana mpaka akahama mahali aliposimama.

Ndipo mkewe, Bi mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kivulini akitazama pamoja na wanawake wenzake, na ambaye Mwenyezi Mungu amemjalia siha na mwili wa neema, aliposimama. Aliikunja kanga yake akaifunga imara juu ya suruali ya mumewe aliyoivaa ndani, ili isiwe na ncha ya kunaswa, jambo ambalo vitabu huliagiza naye hakuvisoma, akamwambia mzee, "Hebu nipishe." Akaketi. Injini ikawaka, visu vikaingia, mashine haikukohoa. Aliuzunguka mnazi wa kwanza, akauzunguka wa pili, vigelegele vikapigwa, na mzee akatangulia mbele na toroli, akiokota vidaka na kutoa amri kwa mikono kwa sababu sauti haikusikika.

Kazi imeendelea hivyo, na kiwanja ni kizuri. Hivi karibuni fundi wa pikipiki, alipokuwa akipiga grisi, aligundua chini ya kiti kirungu kidogo cha kuzungusha, kinachoirekebisha springi kulingana na uzito wa mwendeshaji, na kwamba kikizungushwa hadi mwisho wa chini hata mzee atatambulikana. Nilikwenda jioni ileile kwa Bi mkubwa, nikamkuta akipepeta mchele, nikamweleza.

Alipepeta kidogo. "Mzee amekwisha kuambiwa?"

"Bado, mama."

"Na huko Maskati?"

"Bado."

"Basi, mwanangu, nani anayekukimbiza?" Akauweka ungo chini, akanimiminia chai, akafungua mlango wa mazungumzo ya ujira, ambao alitaka uwe wa dereva.