Theluji ya Ikweta na Gambuti Langu la Kushoto

“Mzee, gambuti ulilipata?” Ndivyo nilivyosalimiwa jana stendi ya bodaboda Bwera, hata mkoba sijautua, na kijana nisiyemjua. Wenzake wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyevuka kutoka Kongo na kapu lake la samaki akaomba aonyeshwe hiyo video tena, tangu mwanzo.

Video ilipigwa karibu na kibanda cha Elena, mita 4,541, chini ya barafu ya Mlima Stanley, huku Rwenzori. Usiku ule theluji ilimwagika mpaka waongoza njia wenyewe wakatoka kuchungulia. Kulipokucha, mawe yote meusi yalikuwa yamefunikwa. Nilifurahi kitoto: nikaila, nikaifinyanga, nikamrushia mpagazi. Chembe moja ilitua kwenye mkono wa koti langu, nikapata kuiangalia: ncha sita, kila moja na vitawi vyake, zote sawasawa, utadhani kazi ya sonara. Kisha ikawa tone.

Ndipo ardhi ikanikimbia. Nilikanyaga palepale alipokanyaga mwongoza njia. Yeye akapita, mimi nikazama mpaka kwapani, katikati ya mawe mawili ambayo theluji ilikuwa imeyaunganisha kwa hila. Miguu ilining’inia, haigusi kitu. Wanaume watatu wakanishika kola, mkanda na bega, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakaning’oa. Nikatoka na soksi; gambuti la kushoto likabaki. Ili lipatikane, ilibidi mpagazi mwembamba kuliko wote ateremshwe kichwa chini huku ameshikwa vifundo vya miguu. Mwingine, badala ya kusaidia, akatoa simu. Kwenye video nasikika nikipaza sauti ya mhubiri: “Jamani, msiniache!” Wakati huo nilikuwa nimeshaketi juu ya jiwe, salama salimini.

Mwongoza njia, kwa kunipoza, akanieleza habari za barafu, na hapo nikasahau hata baridi ya mguu. Huku hatuna majira ya baridi. Theluji yaweza kushuka mwezi wowote, na jua la utosini nalo lipo mwezi wowote. Kwa hiyo barafu haiponi kwa baridi peke yake. Inaponea mawingu, na inaponea weupe wa theluji mpya, ambayo hurudisha angani zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoipiga. Theluji hiyo ikikosekana, barafu hubaki wazi, imechakaa kwa vumbi, ikilinyonya jua mchana kutwa. Na hewa ikiongezeka joto kidogo tu, wingu lilelile ambalo lingeleta theluji huleta mvua. Theluji huifunika barafu; mvua huiosha na kuiacha uchi. Kumbe ile niliyokuwa naitafuna kwa furaha ndiyo blanketi la mgonjwa.

Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6 na nusu. Leo haifiki hata 1. Wazee wa Kikonzo husema Kitasamba, mungu wa mlima, anaishi kwenye theluji ile. Basi mwenye nyumba amekuwa akihamishwa chumba hadi chumba kwa zaidi ya miaka 100, bila hata barua.

Yaliyofuata yalikuwa madogo. Maharage yalikataa kuiva. Midomo ilibabuka kwa jua. Theluji niliyoijaza kwenye chupa ya chai nimpelekee shangazi ilifika Bwera ikiwa maji, akaonja, akauliza, “Na haya nayo umeyalipia, mwanangu?”

Swali hilo limenikera kwa sababu jibu lake ni ndiyo. Tumeyalipia. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulishuka Kilembe ukisukuma mawe. Mei 2020 ukarudi, ukaiharibu hospitali ya Kilembe, na huku kwetu Mto Lhubiriha nao ukatoka kwenye kingo zake. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na ikiyatua, huyatua mengi kwa mkupuo. Wanaoishi kando ya mito hii wana migomba, kahawa kidogo na baiskeli. Si wao walioichomea dunia makaa ya mawe tangu enzi za babu wa babu zao. Walioyachoma wanakuja kwa ndege kuipiga picha barafu kabla haijaisha, nasi tunahimizwa tupande miti. Tumepanda. Mingine imeondoka na mto.

Nina pendekezo. Mkutano ujao wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ufanyike Elena. Wajumbe walale wamebanana humo kibandani, na mjumbe wa Uganda asisamehewe, maana nasi tuna mafuta yetu ya Ziwa Albert tunayoyamezea mate. Asitoke mtu mpaka iandikwe tarehe ya kuachana na makaa ya mawe na mafuta. Kwa utelezi wa pale nje usiku, na mtu amebanwa na haja, nadhani wataiandika kabla maharage hayajaiva.